Uyoga-Ulimi na Malisho "Yasiyoboreshwa"

Miezi michache iliyopita mfasiri mmoja alituletea rasimu ya kijitabu cha mafunzo kinachoeleza hifadhi ya malisho ya asili katika Wales, nchini Uingereza. Kijitabu hicho kilikusudiwa maofisa wa maliasili wanaojifunza jinsi nchi nyingine zinavyotunza ardhi zao. Katika ukurasa wa nne kulikuwa na sentensi hii: "Ndimi za ardhi hupatikana katika malisho duni ambayo hayajaboreshwa." Tulimpa rasimu hiyo ofisa mmoja wa ardhi aisome bila ya kuiona nakala ya Kiingereza. Aliirudisha akiwa ameandika maswali mawili pembeni. La kwanza: "Ndimi hizi ni lugha zipi?" La pili: "Ikiwa malisho ni duni, mbona hayaboreshwi?"

Katika sentensi ile hakuna neno hata moja lisilokuwamo katika kamusi, wala sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo msomaji makini, mwenye elimu na nia njema, aliisoma akatoka na maana iliyo kinyume kabisa na ile aliyoikusudia mwandishi. Kijitabu kilikuwa kikionya kwamba kuyaboresha malisho yale ni kuyaua. Tafsiri ikamfanya ofisa aulize ni nani aliyechelewesha mbolea. Kwa kuwa tunaamini kwamba kosa hili si la mfasiri yule peke yake, tumeona inafaa tulieleze kwa kirefu, tukianza na kiumbe chenyewe kinachozungumziwa.

Kiumbe chenyewe

Kinachoitwa kwa Kiingereza "ulimi wa ardhi" ni uyoga mdogo, kwa kawaida wa kimo cha sentimita 2 hadi 8, unaochomoza ardhini kama rungu jembamba lililobanwa ubavuni. Hauna mwavuli kama uyoga tuliouzoea. Sehemu ya juu hutanuka kidogo na kubapa mfano wa ulimi uliotolewa nje. Sehemu ya chini ni kikonyo. Aina nyingi ni nyeusi tititi, na kwa sababu ya weusi huo mtu anaweza kupita juu yake mara kumi asiuone katikati ya nyasi. Katika Ulaya hutokea majira ya vuli, hasa kuanzia Septemba hadi Novemba, mvua zinapoanza kulowesha ardhi.

Spora za uyoga huu, yaani zile chembe zinazofanya kazi kama ya mbegu, huumbika nje ya ile sehemu iliyotanuka, ndani ya vifuko virefu visivyoonekana kwa macho matupu. Kila kifuko kwa kawaida huwa na spora nane. Spora zenyewe ni ndefu kama fito, za rangi ya kahawia iliyokoza, nazo zimegawanywa kwa kuta ndogo za ndani. Wataalamu hutambua aina moja na nyingine kwa kuzihesabu kuta hizo chini ya hadubini: Trichoglossum hirsutum kwa kawaida huwa na kuta 15, ilhali nduguye Trichoglossum walteri huwa na 7. Kwa macho matupu wawili hao ni vigumu kuwatenganisha. Mfasiri na ajue basi kwamba anaposhughulika na viumbe hawa, jina la kienyeji haliwezi kubeba kazi yote. Jina la Kilatini lazima liandikwe kando yake.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya "uyoga" na "kuvu". Katika mazungumzo ya kila siku uyoga ni kile kinachochumwa na kupikwa, na kuvu ni kile kinachoharibu mkate. Katika elimu ya viumbe, hata hivyo, kuvu ni kiumbe kizima, pamoja na nyuzi zake nyembamba zinazoishi udongoni mwaka mzima, na uyoga ni ile sehemu tu inayojitokeza ili kutawanya spora. Tofauti hii si ya kuchezewa. Anayesema "uyoga umetoweka" huenda ana maana kwamba msimu umepita. Anayesema "kuvu imetoweka" anasema jambo kubwa zaidi. Katika makala haya tunatumia "uyoga" tunapotaja umbo linaloonekana, na "kuvu" tunapotaja uhai uliomo ardhini.

Jina lilikotoka

Jina la kitaalamu la kundi hili, Geoglossum, lilitolewa mwaka 1794 na Christiaan Hendrik Persoon. Huenda wasomaji wetu wakapendezwa kujua kwamba bwana huyu, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya kuvu, alizaliwa barani Afrika, huko Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1761, akapelekwa Ulaya angali kijana na kufariki Paris mwaka 1836. Alichofanya ni kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la ardhi na la ulimi. Lugha za kaskazini ya Ulaya zilifuata njia hiyo hiyo: Wajerumani husema Erdzunge, Waholanzi aardtong, Waswidi jordtunga, na kila moja ya maneno hayo ukilipasua utakuta ardhi upande mmoja na ulimi upande wa pili.

Wafaransa hawakuweza. Katika lugha yao "ulimi wa ardhi" tayari ni kipande chembamba cha nchi kavu kilichoingia majini, na hivyo wakaona heri kulichukua neno la Kigiriki na kulivika mavazi ya Kifaransa, wakapata géoglosse. Wajapani nao hawakutazama ulimi hata kidogo. Wao wameuita uyoga huu mwiko wa kupakulia wali wa tengu, na tengu ni jitu la hadithi zao, lenye pua ndefu, likaalo milimani. Tunaitaja mifano hii miwili makusudi, kwa sababu bado wako wafasiri wanaodhani kwamba uaminifu kwa istilahi ni kuhamisha kila kipande chake kama mtu ahamishaye matofali. Mjapani aliyeona mwiko hakumkosea Persoon.

Je, Kiswahili kifuate njia ipi? Neno "ulimi" lenyewe halina tatizo. Twasema ndimi za moto; na fundi seremala huita ulimi kile kipande cha mbao kinachochongwa ili kiingie katika tundu la mbao ya pili. Tatizo linaanza pale ulimi unapofungamanishwa na ardhi. Katika umoja, "ulimi wa ardhi" humpeleka mwalimu wa jiografia kule kule alikopelekwa Mfaransa, ufukoni. Katika wingi hali ni mbaya zaidi, maana "ndimi" katika Kiswahili cha maandishi ni lugha, na "ndimi za ardhi" husomeka kama lugha za wenyeji wa nchi. Ofisa wetu hakukosea hata kidogo kuuliza swali lake la kwanza. Tulijaribu pia "ulimi wa udongo", tukauacha mara moja. Huo ni ulimi uliofinyangwa na mfinyanzi.

Twapendekeza "uyoga-ulimi". Faida yake ya kwanza ni kwamba msomaji anaambiwa tangu neno la kwanza kwamba kinachosemwa ni uyoga, na ulimi unakuja nyuma kueleza umbo. Faida ya pili ni ya kisarufi: maneno yote mawili yamo katika ngeli moja, upatanisho wake hausumbui, nasi tunasema uyoga-ulimi huu, uyoga-ulimi mweusi. Pale wingi unapohitajika, tuseme "aina za uyoga-ulimi" au "mashina ya uyoga-ulimi" kadiri ya maana, tusijitaabishe kuunda "nyoga-ndimi", ambalo halitatamkwa na mtu yeyote zaidi ya sisi tulioliunda.

Kutoka hapo majina ya jamaa zake yanapatikana bila taabu kubwa, ingawa kila moja lina mtego wake. Geoglossum, ambayo uso wake hauna nywele, iwe uyoga-ulimi laini. Trichoglossum imefunikwa na vinyweleo vigumu vyeusi vinavyoonekana kwa kioo cha kukuzia, na kuishika ni kama kushika kitambaa cha mahameli. Mmoja wetu alipendekeza "uyoga-ulimi malaika", kwa maana ya yale malaika ya mwilini, na kwa hakika ni Kiswahili kizuri. Lakini tuliona kwamba katika kitabu cha shule mwanafunzi atamtafuta malaika mwenye mabawa. Iwe basi uyoga-ulimi wa vinyweleo. Glutinoglossum, ambayo jina lake lilitolewa mwaka 2013 kwa aina zenye ute unaonata, twaona "uyoga-ulimi mlenda" litaeleweka na kila aliyekula mboga hiyo. Sabuloglossum, ipatikanayo kwenye mchanga, isiitwe "uyoga-ulimi mchanga", maana itadhaniwa haijakomaa. Tuseme "uyoga-ulimi wa mchangani".

Kuna jamaa mmoja anayehitaji tahadhari. Microglossum, ambayo baadhi ya aina zake ni za kijani, ilikuwa zamani ikiwekwa katika ukoo mmoja na hawa weusi kwa sababu ya kufanana umbo. Hivyo ndivyo Elias J. Durand alivyoipanga katika kazi yake ya mwaka 1908 kuhusu ukoo huu katika Amerika ya Kaskazini. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kufanana huko ni kwa sura tu. Mwaka 2009 Geoglossum na Trichoglossum zilipewa ngeli yao wenyewe ya kitaalamu, Geoglossomycetes, na Microglossum ikabaki upande mwingine. Je, tuinyang'anye jina la uyoga-ulimi? Hatuoni sababu. Jina la kienyeji huandama umbo, na umbo ni lile lile. Lakini mfasiri asiandike "ukoo wa uyoga-ulimi" akidhani amefasiri istilahi ya kitaalamu. Hapo atumie jina la Kilatini.

Mahali unapoota

Tulipokuwa tukijadili jina, palitolewa pia shauri la kuuita "uyoga wa nyasini", kwa kuwa kijitabu cha Wales kiliutaja katika malisho peke yake. Shauri hilo lingetuingiza matatani. Katika Ulaya magharibi ni kweli kwamba aina nyingi za uyoga huu hutafutwa katika nyasi fupi za zamani, lakini katika Amerika ya Kaskazini hukutwa zaidi misituni, katika udongo wenye unyevu, katika magogo yaliyooza, na katika maeneo ya majimaji yaliyotandwa na vimea vidogo vya kijani. Trichoglossum hirsutum hupatikana pande zote mbili za bahari ile. Istilahi inayotaja makazi ya kiumbe katika nchi moja tu hugeuka uongo mara inapovuka mpaka.

Hata hivyo, habari za malisho ya Wales ndizo zilizomfikisha mfasiri wetu mezani petu, na kwa hiyo tuzitazame kwa karibu. Malisho yanayosemwa si pori. Ni nyanda za nyasi zilizolishwa kondoo na ng'ombe, au kukatwa majani makavu ya mifugo, kwa vizazi vingi, bila ya kupitiwa na plau wala kutiwa mbolea ya viwandani. Nyasi zake ni fupi, na chini yake ardhi imetandwa na vile vimea vya kijani vinavyofanya zulia. Mahali pa namna hiyo huweza kuwa mlima mzima, au uwanja wa kanisa la kale, au hata uwanja wa nyasi mbele ya nyumba ikiwa umri wake ni mkubwa na mwenyewe hakuwa na tabia ya kuurutubisha.

Katika malisho hayo uyoga-ulimi hauishi peke yake. Huandamana na uyoga wa rangi nyekundu, manjano na kijani wenye uso kama uliopakwa nta, ambao tunaweza kuuita uyoga-nta. Na uyoga wa umbo la rungu au la matawi madogo. Na makundi mengine mawili matatu. Wataalamu wa Uingereza huyahesabu makundi hayo kwa pamoja wanapotaka kupima thamani ya malisho: kadiri aina zinavyokuwa nyingi, ndivyo malisho yanavyohesabiwa kuwa ya kale na yasiyovurugwa. Uyoga-ulimi ni shahidi katika hesabu hiyo. Ukiuona, unajua kwamba ardhi ile haijaguswa kwa muda mrefu.

Kinachouondoa ni kile kile kinachohesabiwa na mkulima kuwa neema. Mbolea ya naitrojeni huzifanya nyasi chache zenye nguvu zirefuke na kuzisonga nyingine, vile vimea vya chini hunyimwa mwanga, na kuvu zilizozoea udongo wenye chakula kidogo hupoteza nafasi yao. Zamani ilidhaniwa kwamba uyoga-ulimi hujilisha kwa kuozesha mabaki tu. Siku hizi vipimo vya kikemikali vinaelekeza wataalamu kufikiri kwamba una uhusiano wa karibu zaidi na mimea iliyo hai. Ikiwa ndivyo, kubadilisha mimea ni kumwondolea mpangaji nyumba yake.

Mfano ulio wazi wa nguvu ya mbolea upo Rothamsted, katika Hertfordshire, ambako jaribio la malisho lilianzishwa mwaka 1856 na linaendelea hadi leo. Uwanja mmoja uligawanywa vipande. Vingine vikatiwa mbolea za namna mbalimbali kila mwaka, vingine vikaachwa. Vipande visivyotiwa kitu vina zaidi ya aina 30 za mimea. Baadhi ya vile vilivyotiwa naitrojeni nyingi kwa miaka yote hiyo vimebakiwa na aina chache mno. Nyasi ni nyingi, tena ndefu. Mkulima anayeuza kwa uzito angefurahi.

Na wakulima walifurahi kweli. Kabla na hasa baada ya vita vya 1939 hadi 1945 serikali ya Uingereza iliwahimiza, kwa ruzuku na kwa ushauri, walime malisho ya zamani na kupanda nyasi mpya zilizotiwa mbolea. Nchi ilikuwa imeonja upungufu wa chakula, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 1987 ulikadiria kwamba kati ya 1932 na 1984 nyanda za chini za Uingereza na Wales zilipoteza asilimia 97 ya malisho yake ya namna hii. Katika hati zote za kazi hiyo neno lililotumika lilikuwa moja: kuboresha.

Neno "kuboresha"

Sasa turudi kwenye swali la pili la ofisa wetu. Katika Kiingereza cha wataalamu wa kilimo, malisho "yaliyoboreshwa" ni istilahi. Maana yake ni malisho yaliyolimwa, au kutiwa mbolea, au kupandwa nyasi za kuchaguliwa. Haisemi kama jambo hilo ni jema au baya. Msomaji wa Kiingereza aliyezoea fani hiyo huisoma bila ya kuhukumu. Kiswahili hakina mazoea hayo. Kwetu "kuboresha" kumetokana na "bora", na kitu kisichoboreshwa ni kitu kinachosubiri kuboreshwa. Mfasiri yule akaongeza "duni" ili kufasiri udongo wenye virutubisho vichache, na hapo akaifunga hukumu: ardhi duni, isiyoboreshwa. Ni ofisa gani anayelipwa mshahara ili aiache ardhi ya namna hiyo kama ilivyo?

Tunashauri kwamba mahali kama hapo mfasiri aseme jambo lililotendeka au lisilotendeka, aiache hukumu. Malisho yale ni "malisho ya kale yasiyolimwa wala kutiwa mbolea". Yale mengine ni "malisho yaliyotiwa mbolea", au "yaliyolimwa na kupandwa upya". Udongo usiitwe duni, maskini wala hafifu. Uitwe "udongo wenye virutubisho vichache". Tunajua italalamikiwa kwamba maneno haya ni marefu na kwamba istilahi njema ni fupi. Ni kweli ni marefu. Kwa wale watakaorudia jambo hili mara nyingi katika kitabu kimoja, waeleze kwa ukamilifu mara ya kwanza kisha waendelee na "malisho ya kale". Ufupi unaompotosha ofisa hauna faida tuijuayo.

Tahadhari hii haihusu Wales peke yake. Hapa nchini, nyanda za juu za Kitulo zilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, si kwa ajili ya tembo wala simba, bali kwa ajili ya maua ya nyasini, yakiwamo aina nyingi za okidi, na wenyeji wamezoea kupaita Bustani ya Mungu. Hapo pia mgeni apitaye wakati wa kiangazi huona nyasi na upepo, akaandika katika taarifa yake "ardhi tupu" au "eneo lisilotumika". Tumewahi kuona maneno hayo katika tafsiri za taarifa za mazingira zinazohusu nyanda za nyasi kwa jumla. Kutoka "ardhi tupu" hadi pendekezo la kupanda miti ni hatua moja, na katika Uingereza yenyewe malisho kadhaa ya kale ya uyoga-nta na uyoga-ulimi sasa yanahofiwa kupotea kwa kupandwa miti, kazi ambayo kila mtu huisifu. Wanaotafsiri kwa ajili ya ofisi za ardhi na za mazingira waliangalie neno "tupu" kwa jicho lile lile tulilowaomba waliangalie "kuboresha".

Sentensi ya ukurasa wa nne, baada ya kujadiliana na mfasiri mwenyewe, sasa inasomeka hivi: "Uyoga-ulimi hupatikana katika malisho ya kale yasiyolimwa wala kutiwa mbolea, na hutoweka yanapotiwa." Tulimrudishia ofisa yule. Safari hii aliandika swali moja tu pembeni, akitaka kujua kama kondoo waendelee kuruhusiwa kulisha humo. Jibu ni ndiyo, kwa kuwa bila ya kondoo nyasi zitarefuka. Na kijitabu kimelieleza jambo hilo katika ukurasa wa sita.

Limebaki neno moja. Wasomaji watakuwa wameona jinsi tulivyozunguka kila tulipotaka kutaja vile vimea vidogo vya kijani vinavyotanda kama zulia juu ya mawe na ardhi yenye unyevu. Wako wanaoandika "mosi", kwa kulitohoa neno la Kiingereza, lakini mosi kwetu ni ya kwanza, na mwanafunzi atauliza ya pili iko wapi. Walio na jina la kienyeji la vimea hivyo, hasa wasomaji wa nyanda za juu ambako vinaota kwa wingi, tunawaomba watuletee pamoja na maelezo ya mahali linapotumika, ili tulijadili katika toleo lijalo.